Ndege Walionyamaza Barazani

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, ukungu ukiwa bado umelala juu ya soko la Karatina, nilikohoa juu ya sare ya shule niliyokuwa nikishona. Nilipoinua kichwa niliona doa jekundu kwenye kitambaa cha samawati. Nilikata kipande kile kwa mkasi, nikakitia motoni, nikatia kiraka, nikaendelea kukanyaga cherehani. Nilishona siku nyingine tatu. Nayasema haya kwanza kwa sababu najua mahali fulani kuna mtu ambaye amekata kitambaa chake vivyo hivyo na anajiambia ni koo tu. Si koo. Acha cherehani uende hospitali.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mimi ni Nyaguthii, mshonaji. Mume wangu, Gichuki, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa karibu na kwetu. Mtoto wetu mmoja, Wairimu, alikuwa hajatimiza miaka miwili, na tuliishi boma moja na mama mkwe wangu, ambaye mtoto alipewa jina lake kama desturi yetu ilivyo.

Daktari aliinua picha ya kifua changu dirishani, akaniambia ni kifua kikuu, na nitalazwa miezi mingi kwenye wodi za kifua, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Niliporudi nyumbani kuchukua nguo, nilikuta godoro langu linafuka moshi nyuma ya jiko.

"Usione ni ubaya," mama mkwe aliniambia, akiwa amesimama mbali. "Namwogopea mtoto."

Sikumlaumu. Mama yangu mwenyewe alikufa kwa kifua, wakati wa Hali ya Hatari, tulipokuwa tumefungiwa kijijini na watu wazima wakichimbishwa handaki kandokando ya msitu. Kila asubuhi homugadi, mlinzi wa serikali ya kikoloni, alipiga filimbi, na mama alijiburuta akatoka, anakohoa, na jembe begani. Nilikuwa na miaka minane. Siku moja filimbi ililia na mama hakuinuka. Nilimvuta mkono nikifikiri amelala tu. Kwa hiyo niliposikia jina la ugonjwa wangu, nilijua safari ile inaishia wapi. Nilimpungia Wairimu mkono kutoka kwenye njia. Hakulia. Alidhani naenda sokoni.

Wodi yetu ilikuwa juu ya mteremko, na chini yake mto Chania ulipita kwenye mawe. Vitanda vilikuwa kumi na viwili, na kila mtu alikuwa na kikopo chake cha makohozi chenye kifuniko. Kila asubuhi tulipigwa sindano. Siku ya kwanza haikuniuma kama nilivyoogopa. Kufikia wiki ya pili matako yalikuwa na mabonge magumu, nikawa sijui nilale upande gani. Jumatatu tulipimwa uzito. Mwezi wa kwanza nilizidi kupungua, hata pete ya ndoa ikawa inatoka yenyewe nikinawa. Niliifunga kwa uzi shingoni.

Baada ya chakula cha mchana vitanda vilisukumwa hadi kwenye baraza, nasi tukaamriwa kulala kimya kwa saa mbili tupate hewa safi. Hakuna kusuka, hakuna kuongea. Kwangu mimi niliyezoea mlio wa cherehani, saa zile mbili zilikuwa adhabu. Nililala nikiangalia dari na kumwona mama yangu.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa Bi Zuhura, mama mtu mzima wa mtaa wa Majengo pale Nyeri, ambaye kabla ya kuugua alikuwa akipika mahamri ya kuuza. Kifua chake kilikuwa kimeharibika kuliko changu, lakini hakuwa na haraka ya kusikitika. Siku moja aliona machozi yanaingia masikioni mwangu.

"Mwanangu," alinong'ona, "sasa hivi unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Uongo. Funga macho. Anza mbali, kisha uje karibu. Mbali kabisa kuna nini?"

Nilifunga macho ili aniache. "Mto."

"Haya. Juu ya mto?"

"Upepo. Kwenye mikaratusi."

"Na karibu?"

Niliposikiliza, niligundua kwamba karibu kulikuwa na dunia nzima. Kulikuwa na hua waliokuwa wakijibizana juu ya paa. Kwarara, ndege wakubwa wenye midomo mirefu, walipita na makelele yao kama wanawake waliochelewa sokoni. Na pale pale kando ya baraza, kwenye maua ya rangi ya chungwa, kulikuwa na chozi, ndege wadogo wanaonyonya maua, wanaolia kwa sauti nyembamba kama sindano mbili zinazosuguana.

"Mimi ni wa hapa hapa Nyeri na sijawahi kusikiliza hivi," nilimwambia.

"Ulikuwa na kazi. Sasa huna kazi. Lipe sikio kazi, moyo utapumzika."

Ndivyo nilivyojifunza. Kila alasiri nilianza na mto, nikaja na upepo, nikaja na hua, nikamalizia na chozi, na mara nyingi sikufika kwa chozi kabla kifua hakijalegea na pumzi kushuka polepole. Sijui daktari angeliita nini jambo hilo. Najua kwamba Jumatatu moja ya Agosti mzani ulipanda kidogo, Bi Zuhura akanipigia makofi kutoka kitandani, na mimi niliyejiandaa kufa nikaanza kumfikiria Wairimu kama mtu nitakayemwona tena.

Kisha filimbi ikalia.

Nilikuwa nimetoka tu kupigwa sindano. Midomo ilikuwa na ganzi, nikasikia filimbi nyembamba, ya mbali, kama ile ya kijijini. Niliangalia njiani. Nikamuuliza sista, muuguzi wetu, kama kuna askari wanafanya mazoezi huko nje, maana Kiganjo kwenye chuo cha polisi si mbali sana.

"Askari gani?" alisema. "Hakuna kitu, Mama Wairimu."

Filimbi haikukatika siku ile, wala kesho yake. Iliingia nami kwenye baraza ikasimama kati yangu na mto. Nilipofunga macho kusikiliza upepo, nilimsikia homugadi. Niliona jembe. Na nilipoinuka kitandani sakafu ilielemea upande mmoja, nikawa natembea nimeshika ukuta kama mlevi.

Sasa nisikilize wewe unayesoma, kwa maana hapa ndipo nilipokosea. Kila asubuhi, kabla ya sindano, sista alituuliza swali moja. "Masikio yako aje?" Kila asubuhi nilijibu, "Yako sawa, sista."

Nilidanganya kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyekuwa kitanda cha mlangoni nilipofika. Huyo alilalamikia masikio, akasimamishiwa sindano, na baada ya wiki mbili jamaa zake walikuja wakambeba kwenye machela, na habari zikaja kwamba amefariki. Hakuna aliyenieleza kwamba alikuwa na ugonjwa mwingine. Nilijumlisha mwenyewe kichwani: sindano ndiyo uhai, na anayelalamika huondolewa. Nilikuwa na mtoto. Kama bei ya kumwona ilikuwa kusikia filimbi, nilisema acha ilie.

Bi Zuhura pekee ndiye aliyejua, kwa sababu aliona sigeuki akiniita kwa upande wa kushoto.

"Mwambie sista."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikipona."

Alinitazama sana. "Ukipona utamsikia mwanao na nini?" Lakini yeye hakunisema kwa mtu. Nimejiuliza mara nyingi kama alikosea kunitunzia siri.

Septemba, Gichuki alikuja kuniona kama alivyokuja Jumapili nyingi. Watoto hawakuruhusiwa, kwa hiyo alileta habari za mtoto tu: ameota jino, amejifunza kusema "ng'ombe". Wageni walisimama bustanini, chini ya baraza, mbali kidogo na vitanda. Gichuki ni mtu wa sauti ya chini, na siku ile aliangalia kofia yake alipokuwa akiongea. Niliona midomo inacheza. Filimbi ilikuwa kali sana. Nilishika neno "mama" na neno "Wairimu", nikafikiri ananipa salamu. Nikatabasamu, nikasema, "Sawa. Ni vizuri hivyo."

Aliinua uso akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Akaweka ndizi kwenye ngazi, akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja. Iliyofuata, hakuja.

Mvua za vuli zilianza mwishoni mwa Oktoba. Kwenye mabati ya baraza zilitoa mshindo mzito, mzuri, na nilishukuru kwa sababu kwa muda ule mvua ilifunika filimbi. Siku moja iliponyesha asubuhi na kuacha jua la mchana, chozi walijaa kwenye maua karibu na kitanda changu. Mmoja alitua karibu kiasi kwamba ningeweza kunyoosha mkono nikamgusa. Koo lake lilikuwa likitetemeka. Mdomo ulifunguka, ukafungika, ukafunguka. Sikusikia kitu.

Nilidhani ameshikwa na ugonjwa. Nikatazama mwingine, naye alikuwa hivyo hivyo, na wa tatu. Bustani nzima ilikuwa imejaa ndege wanaoimba, nami nilikuwa nikiwatazama kama picha ukutani. Nikajaribu kukumbuka ni lini niliwasikia mara ya mwisho. Sikukumbuka. Walikuwa wameondoka masikioni mwangu bila kuaga, na mimi kila alasiri nilikuwa nikisinzia kabla ya kufika kwao.

Hata siku hiyo sikumwambia sista. Nilijiambia, kesho.

Siku tatu baadaye tulikuwa barazani kama kawaida. Kulikuwa na baridi ya baada ya mvua. Nilikuwa nimelala kwa ubavu wa kulia, sikio zima likiwa limezama kwenye mto wa kitanda, na lile la kushoto, bovu, likiwa juu. Nilikuwa nimemgeuzia Bi Zuhura mgongo. Nilifunga macho nikaanza mbali. Mto Chania ulikuwa umejaa, na sauti yake nzito ilipanda mteremko, ikaingia kitandani, ikafika hadi kwenye mifupa. Hata filimbi ilirudi nyuma. Nilipumua. Sijawahi kupata utulivu kama ule tangu nizaliwe, na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mkono ulinitikisa bega. Alikuwa sista, na aproni yake ilikuwa na damu. Nyuma yake wahudumu wawili walikuwa wakisukuma kitanda cha Bi Zuhura ndani, wakimfunika uso.

"Hukumsikia?" sista aliniuliza. Niliona midomo yake ndipo nikasikia. "Alikuwa anakuita. Hata Mama Kariuki kule mwisho amemsikia, na yeye hawezi kuinuka. Wewe uko hapa karibu!"

"Sikusikia."

"Ulikuwa umelala?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na hakuna mtu angenilaumu kwa kulala saa ya kulala.

"Sikuwa nimelala," nilisema. "Sista, masikio yangu yamekufa. Yalianza kufa Agosti."

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda changu, jambo ambalo masista hawakufanya. Hakunigombeza. Alisema, "Na mimi nimekuwa nikikuuliza kila siku."

"Ndiyo."

"Kila siku, Mama Wairimu."

Daktari alikuja kesho yake, kijana mpole aliyevaa sweta chini ya koti jeupe. Alishika saa yake ya mkononi karibu na sikio langu la kushoto, kisha la kulia, akinitazama usoni. Kulia nilisikia kidogo. Kushoto niliona mshale ukienda, basi. Akaniuliza kwa nini nilinyamaza, nikamweleza juu ya mwanamke wa machela. Alisema kwa sauti kubwa ili nisikie: "Mama, sindano si dawa pekee. Kuna vidonge. Tungebadilisha siku ile ile." Nililia sana kwa neno hilo, siku ile ile.

Sindano zilikoma. Vidonge vipya vilikuwa vikubwa, vichungu, vilinitoa chakula tumboni na kunifanya nikae hospitali miezi zaidi kuliko niliyoahidiwa. Lakini mzani uliendelea kupanda. Makohozi yalipimwa yakaonekana safi, yakapimwa tena, yakawa safi. Daktari aliniambia kilichopotea masikioni hakitarudi, ila kilichobaki kitabaki. Niliuuliza mwili wangu ni kitu gani kilichobaki, nikahesabu: mto, ngurumo, mvua kwenye mabati, hua, sauti za wanaume wanaoongea kwa nguvu, na filimbi.

Kwenye kitanda cha jirani alilazwa mtu mwingine, na Mama Kariuki alihamishwa wodi nyingine kabla sijapata nguvu ya kumwuliza alichosikia siku ile. Naweza kusema ukweli: nilikuwa na nguvu. Sikuthubutu. Alasiri sikuweza tena kusikiliza mto. Kila nilipofunga macho nilisikia ndani ya maji sauti ya mtu anayeita jina langu, na nilipofungua, hakuna. Watu wengi huambiwa kwamba sauti ya maji hutuliza moyo. Ni kweli, ilinituliza, na ndani ya utulivu ule mtu alikufa hatua mbili kutoka kwangu.

Nilitoka Aprili, mvua ndefu zikianza. Gichuki, ambaye sikuwa nimemwona tangu Septemba, alikuja kunichukua, na njiani alitangulia mbele yangu. Tulipofika, nilikuta nguo za mtoto zimeondolewa kwenye nyumba yetu. Zilikuwa kwa bibi yake.

"Kwa nini?" niliuliza.

"Ulikubali," Gichuki alisema. Ilibidi arudie. "Nilikuambia pale bustanini, mama anataka Wairimu awe wake kabisa, hata ukirudi. Nilitaka ukatae. Ukacheka. Ukasema ni vizuri hivyo."

Nilimshika uso kwa mikono miwili nikaugeuza unielekee. "Gichuki, sikusikia hata neno. Sindano zilichukua masikio yangu. Nilidhani unanisalimia."

 Kisha mtu yule wa sauti ya chini alitoka nje, akavuka uwanja, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nilimsikia akipaza sauti. Alirudi amembeba mtoto pamoja na nguo zake. Mama mkwe alimfuata nyuma, ameshika kikombe na sahani. Nilijua ni vile vilivyotengwa kwa ajili yangu, navyo vilikuwa na alama ya rangi nyekundu. Akasimama mlangoni.

"Sikujua ya masikio," alisema. Akavitazama vile vyombo kana kwamba hajui vilifikaje mkononi mwake, akavirudisha kwake. Jioni hiyo nilikula kwenye sahani kama watu wengine. Hakuna aliyeliongelea jambo hilo tena.

Wairimu hakunijua. Alinikimbia wiki mbili. Na sauti yake, sauti ya mtoto, ilikuwa nyembamba mno kwangu, ilipotelea pale pale walipopotelea chozi. Tulijifunza polepole. Alijifunza kuja mbele yangu na kunishika kidevu kabla ya kusema. Hata sasa, mtu mzima mwenye watoto, akiongea nami hushika kidevu changu bila kujua.

Ilipita miaka mitano hivi. Siku moja mwanamke aliingia dukani kwangu Karatina na sweta ya shule iliyochanika kiwiko. Alikuwa amenenepa, nikamjua kwa macho. Alikuwa Mama Kariuki. Tulikumbatiana, tukacheka kwamba tu hai. Nilimpa kiti, nikashona kiwiko chote, nikakata uzi, ndipo nikauliza, nikiwa nimeinama.

"Siku ile Bi Zuhura aliniita. Ulimsikia akisema nini?"

Nilimwinulia uso nisome midomo yake. Alifikiri kwanza.

"Blanketi yako ilikuwa imeanguka," alisema. "Alisema, 'Nyaguthii, funika miguu, kuna baridi.' Mara mbili hivi. Halafu akanyamaza. Damu ilikuja baadaye, kwa ghafla, hata hakupata muda wa kuita mtu."

"Hakuwa ananiita nimsaidie?"

"Aa-a. Ni miguu tu."

Sijui kama alikuwa akisema kweli. Huenda aliuona uso wangu, akanihurumia, akatunga. Mama Kariuki ameshatangulia mbele ya haki na siwezi kumwuliza. Lakini nilimfungia sweta yake kwenye gazeti, nikamsindikiza hadi barabarani, na niliporudi nilifunga mlango wa duka mchana mweupe, nikaketi. Mvua ilianza kupiga mabati. Nilifumba macho nikaisikiliza, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nikaiacha inyeshe.